Mchungaji William Robertson wa Uskoti, Mwandishi wa Historia (1721–1793)

Kila mwalimu wa kipaimara anajua jinsi Martin Luther alivyoieleza amri ya nane katika Katekisimo Ndogo. Kuacha kumsingizia jirani hakutoshi. Imetupasa pia kumtetea, na kuyachukua matendo yake kwa upande ulio mwema. Tunapowafundisha watoto jambo hili, huwa tunamfikiri jirani aliye hai, ambaye tunakutana naye njiani na kisimani. Lakini yuko jirani mwingine, naye ni yule aliyekufa zamani, asiyeweza tena kusimama barazani na kujitetea. Je, amri ya nane yamhusu yeye pia?

Tunauliza neno hili kwa sababu mwezi huu twataka kuwaletea ndugu zetu wasomaji habari za mchungaji mmoja wa Uskoti, William Robertson, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuandika habari za watu waliokufa. Yeye hakuwa Mlutheri. Alikuwa mchungaji wa Kanisa la Uskoti, linalofuata mafundisho ya John Calvin na John Knox. Walakini kitabu chake kimojawapo kilieleza siku za Luther na Kaisari Karl wa Tano, nacho kilisomwa katika nchi nyingi za Ulaya. Tena alikuwa kiongozi wa kanisa miaka mingi, akaliongoza kwa njia iliyosifiwa na wengine na kuwaumiza wengine. Kwa hiyo maisha yake yatufaa sisi tulio na sharika za kutunza.

1. Kijana wa nyumba ya mchungaji

Robertson alizaliwa tarehe 19 Septemba 1721 katika kijiji cha Borthwick, si mbali na mji wa Edinburgh. Baba yake aliitwa kwa jina hilo hilo, William Robertson, naye alikuwa mchungaji wa kijiji. Mtoto alisoma kwanza katika shule ya Dalkeith. Kisha baba yake alipohamia usharika wa Edinburgh, yeye akaingia Chuo Kikuu cha mji huo. Tangu mwaka 1735, akiwa kijana mdogo bado, alikuwa na madaftari yake ya kuandikia mambo aliyoyasoma, na desturi hii hakuiacha. Mwaka 1741 alipewa ruhusa ya kuhubiri, na mwaka 1743 akapewa usharika wa Gladsmuir, kijiji cha wakulima upande wa mashariki wa Edinburgh. Aliyempa usharika huo alikuwa kabaila mmoja, Earl wa Hopetoun. Twaomba msomaji alikumbuke neno hili, maana tutalirudia huko mbele.

Mwaka 1745 ulikuwa mwaka wa msiba. Baba yake na mama yake walifariki karibu kwa wakati mmoja, wakaacha mabinti sita na mtoto wa kiume mdogo. Robertson alikuwa na umri wa miaka 24 tu, na mshahara wake ulikuwa kama paundi 100 kwa mwaka. Hata hivyo aliwachukua ndugu zake wote nyumbani mwake Gladsmuir, akawalea na kuwasomesha. Alikuwa amekwisha kumpenda binamu yake, Mary Nisbet, lakini waliahirisha ndoa yao mpaka mwaka 1751, ndugu zake walipokwisha kupata mahali pao. Sisi tunaojua mzigo wa yatima katika ukoo hatuna haja ya kuelezwa uzito wa miaka hiyo sita.

Mwaka huo huo vita viliingia nchini. Charles Edward Stuart, mjukuu wa mfalme aliyefukuzwa mwaka 1688, alishuka Uskoti akiutaka ufalme wa babu zake. Robertson aliona kwamba uhuru wa kanisa lake u hatarini, akajiunga na raia waliojitolea kuulinda mji wa Edinburgh. Mji ulipojisalimisha, yeye na wenzake wachache walikwenda Haddington kwa Jenerali Cope kumwomba awapokee katika jeshi lake, lakini jenerali hakutaka watu wasiofundishwa vita. Baadaye kidogo, tarehe 21 Septemba, jeshi la Cope lilishindwa kwa muda wa dakika chache huko Prestonpans, karibu na usharika wa Robertson. Basi mchungaji huyu kijana aliona kwa macho yake jinsi ugomvi wa wafalme waliokufa zamani unavyoweza kuwaua watu walio hai.

Baada ya vita alirudi kwenye kazi yake. Aliamka mapema kusoma na kuandika kabla ya shughuli za mchana. Wakati wa kiangazi, siku ya Jumapili asubuhi, aliwakusanya vijana wa usharika nusu saa kabla ya ibada, akawaeleza mafundisho ya katekisimo. Haya tunayataja ili walimu wetu wajue kwamba mtu aliyesifiwa baadaye na wafalme alianza kwa kazi ile ile wanayoifanya wao kila juma.

2. Malkia Mary na vidonda vya nchi

Mwezi Januari 1755 Robertson alihubiri Edinburgh mbele ya chama kilichoeneza elimu ya Kikristo katika milima ya Uskoti. Alieleza hali ya ulimwengu wakati Kristo alipokuja: jinsi dola ya Rumi ilivyoyaunganisha mataifa na kuzifungua njia, na jinsi roho ya Injili ilivyoanza polepole kulegeza vifungo vya utumwa. Mahubiri hayo yalipigwa chapa mara kadhaa, na kufasiriwa kwa Kijerumani. Katika mahubiri yake yote hayo peke yake ndiyo aliyoyapiga chapa. Ndani yake twaona njia yake ya kufikiri: Mungu huutawala ulimwengu kwa hatua, na mwenye kutaka kuzitambua hatua hizo hana budi kujifunza mambo ya kale kwa bidii.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuanza kitabu chake cha kwanza, historia ya Uskoti katika siku za Malkia Mary na mwanawe James. Kwa Waskoti hapakuwa na habari ngumu kuliko hiyo. Mary alikuwa Mkatoliki katika nchi iliyopokea Matengenezo. Mume wake wa pili, Darnley, aliuawa mwaka 1567, na watu wengi walisema kwamba malkia alijua shauri hilo. Aliondolewa katika ufalme, akakimbilia Uingereza, akafungwa huko miaka mingi, na mwaka 1587 akakatwa kichwa. Tangu siku hizo Waskoti walikuwa wa namna mbili: wengine walimwandika kuwa mwovu asiye na jema lolote, wengine kuwa mtakatifu aliyeonewa. Kila upande ulirithi maneno ya wazazi wake kama mtu arithivyo shamba.

Robertson hakutaka kuandika kwa kurithi. Alitafuta hati na barua za siku zile, akazisoma, akalinganisha maneno ya adui wa malkia na maneno ya rafiki zake. Hati nyingine alizipiga chapa mwishoni mwa kitabu ili msomaji ajionee mwenyewe. Hakuficha makosa ya Mary, na juu ya kifo cha Darnley aliandika maelezo ya peke yake, akizipima hoja za pande zote mbili. Walakini alipofika kwenye kifungo na kifo cha malkia, aliandika kwa huruma. Hata John Knox, baba wa kanisa lake mwenyewe, hakumpamba. Aliusifu ushujaa wake na bidii yake, wala hakuukana ukali wake.

Kitabu hicho kilitoka London mwezi Februari 1759. Mpiga chapa alimlipa paundi 600, yaani zaidi ya mshahara wa miaka mitano wa Gladsmuir. Kabla mwandishi hajafa kilikuwa kimepigwa chapa mara 14. Miaka 14 tu baada ya vita vya mwaka 1745, watu ambao baba zao walipigana wao kwa wao waliweza kusoma kitabu kimoja, na kila mmoja akaona kwamba upande wake umesikilizwa.

Heshima zikamjia kwa wingi. Mwaka 1758 alikuwa amekwisha kuitwa kuhubiri Edinburgh; mwaka 1761 akawa mchungaji wa Old Greyfriars, kanisa ambamo Waskoti waliweka agano lao kubwa mwaka 1638. Mwaka 1762 akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, kazi aliyoishika miaka 31 mpaka kufa kwake. Mwaka 1763 akachaguliwa kuwa Mwenyekiti wa Mkutano Mkuu wa Kanisa, na mfalme akamfanya mwandishi wake wa historia kwa Uskoti. Walikuwako watu wakuu waliomdokezea kwamba kama angeingia Kanisa la Uingereza angepata cheo kikubwa zaidi. Alikataa, akabaki katika kanisa lililomzaa.

3. Kaisari Karl na Martin Luther

Mwaka 1769 alitoa kitabu chake kikubwa, historia ya Kaisari Karl wa Tano, katika majuzuu matatu. Juzuu la kwanza lilieleza jinsi Ulaya ilivyobadilika tangu kuanguka kwa dola ya Rumi mpaka mwanzo wa karne ya kumi na sita. Mengine mawili yalisimulia maisha ya Kaisari huyo. Kitabu kilifasiriwa kwa Kifaransa na lugha nyingine, na Malkia Catherine wa Urusi alimpelekea mwandishi kijaluba cha dhahabu chenye almasi.

Kwetu sisi Walutheri kitabu hiki kina jambo la kutufaa. Karl ndiye aliyeketi katika baraza la Worms mwaka 1521, Luther alipokataa kuyakana maandiko yake. Ndiye aliyesomewa Ungamo la Augsburg mwaka 1530. Ndiye aliyewapiga vita wakuu wa Kiprotestanti na kuwashinda Mühlberg mwaka 1547, na bado akaishi mpaka kuyaona Mapatano ya Augsburg ya mwaka 1555, yaliyowapa Walutheri haki mbele ya sheria. Mwandishi wa Kiprotestanti angaliweza kwa urahisi kumfanya mtu huyo kuwa Farao. Robertson hakufanya hivyo. Alieleza kwamba huko Worms Kaisari alishauriwa avunje ahadi ya usalama aliyompa Luther, naye akakataa kuivunja.

Tena alipofika mwaka 1546, Luther alipofariki Eisleben, alisimama katikati ya masimulizi ili kumpima. Aliusifu unyofu wake, ujuzi wake, moyo wake usioogopa, na jinsi alivyoishi bila kujitafutia mali. Kisha akataja ukali wa ulimi wake na jinsi alivyowatukana vibaya waliompinga. Akaongeza kwamba mtu hana budi kupimwa kwa desturi za siku zake, maana katika siku za Luther wenye elimu wote walipigana kwa maneno makali. Tunaona kwamba hapo Robertson alifanya kwa Luther jambo lile ambalo Luther alitufundisha katika amri ya nane: alisema kweli, akamtetea kwa kadiri kweli ilivyoruhusu, wala hakupita hapo.

Lakini mwandishi mwangalifu pia hukosa. Robertson alisimulia kwamba Karl, alipokwisha kuwaachia wengine ufalme na kwenda kukaa penye nyumba ya watawa ya Yuste nchini Hispania, aliacha kabisa mambo ya dunia mpaka kufa kwake mwaka 1558. Katika miaka ya 1850 waandishi waliopata kuziona hati za Hispania, kama William Prescott wa Marekani, walionyesha kwamba hata huko Yuste Kaisari aliendelea kupokea barua na kutoa mashauri ya utawala. Robertson hakuwa amezipata hati hizo. Historia ni kama shamba: mmoja hulima, na mwingine huja nyuma akayaona magugu yaliyosalia.

4. Watu ambao hakuwaona

Mwaka 1777 ulitoka mwanzo wa kitabu chake juu ya Amerika: safari za Columbus, na jinsi Wahispania walivyoziteka Mexico na Peru. Alijitahidi sana kupata habari. Mchungaji mmoja aliyetumika katika ubalozi wa Uingereza huko Madrid, Robert Waddilove, alimtafutia vitabu na hati. Naye Robertson mwenyewe aliandika orodha za maswali, akawapelekea watu waliokuwa wamekaa Amerika. Chuo cha Historia cha Madrid kilimpokea kuwa mwanachama, ingawa baadaye serikali ya Hispania ilizuia kitabu kisifasiriwe. Sehemu ya makoloni ya Kiingereza hakuimaliza, kwa sababu yalikuwa katika vita na mama yao. Alichokuwa amekiandika kilipigwa chapa na mwanawe mwaka 1796.

Katika kitabu hicho aliilaani biashara ya watumwa wa Kiafrika, akiiona kuwa chukizo kwa ubinadamu na kwa dini, na hii ilikuwa miaka 30 kabla Bunge la Uingereza halijaipiga marufuku mwaka 1807. Alisimulia pia habari za Bartolomé de las Casas, padre aliyewatetea wenyeji wa Amerika kwa nguvu zake zote, lakini akashauri Waafrika waletwe kufanya kazi badala yao. Robertson aliutaja wema wake na kosa lake pamoja. Leo tunajua jambo ambalo Robertson hakuweza kulijua: Las Casas alijuta baadaye kwa ajili ya shauri lile, akayaandika majuto yake katika kitabu kilichokaa bila kupigwa chapa mpaka mwaka 1875.

Walakini juu ya wenyeji wenyewe wa Amerika, Robertson aliandika maneno ambayo hatuwezi kuyasifu. Aliwaeleza kuwa wanyonge wa mwili na wazito wa akili, watu walio katika ngazi ya chini ya maendeleo ya wanadamu. Hakupata kuvuka bahari, wala kuketi nao, wala kujua lugha yao hata moja. Wale waliojibu maswali yake walikuwa wageni katika nchi zile, na mgeni huona mlango wa nyumba asijue yaliyomo ndani. Sisi tuliozaliwa katika nchi ambazo habari zake ziliandikwa kwanza na wapita njia twalielewa kosa hili upesi kuliko wasomaji wa London. Malkia Mary alikuwa na barua zake na rafiki zake wa kumsemea. Watu wale hawakuwa na msemaji mbele ya meza ya Robertson, na mizani yake iliinama.

Tunafurahi kuona kwamba katika kitabu chake cha mwisho, juu ya Bara Hindi, kilichotoka mwaka 1791 akiwa na miaka karibu 70, aliandika kwa namna nyingine. Alieleza elimu, sheria na ufundi wa Wahindi wa kale, ili watu wa Ulaya waliokwenda kuwatawala wajifunze kuwaheshimu. Hatusemi kwamba alitubu kosa lake la kwanza, kwa maana hakuandika hivyo. Twasema tu kwamba mzee huyu hakuacha kujifunza.

5. Kiongozi wa Mkutano Mkuu

Sasa hatuna budi kurudi nyuma kidogo, tumtazame Robertson katika baraza la kanisa, maana hapo ndipo jina lake lina sifa na lawama pamoja.

Mwaka 1712 Bunge la London liliwarudishia makabaila wa Uskoti haki ya kuchagua mchungaji wa usharika. Washarika wengi walichukizwa. Mara nyingi kabaila alimleta mtu ambaye watu hawakumtaka, na wachungaji wa wilaya wakakataa kumwingiza kazini. Robertson, ambaye mwenyewe aliipata Gladsmuir kwa njia hiyo, alikuwa mmoja wa wachungaji vijana walioitwa Wenye Kiasi. Hoja yao ilikuwa hii: sheria ni sheria, na kanisa ambalo mabaraza ya chini yaweza kukataa amri ya Mkutano Mkuu haliwezi kudumu. Asiyeweza kutii kwa dhamiri yake na aondoke.

Mwaka 1752 jambo hili lilifika mwisho wake. Wachungaji wa wilaya ya Dunfermline walikataa kumwingiza kazini mchungaji ambaye watu wa Inverkeithing hawakumkubali. Mkutano Mkuu uliamua kumvua uchungaji mmoja wao ili wengine waogope, na aliyechaguliwa alikuwa Thomas Gillespie wa Carnock, mtu mpole mwenye kumcha Mungu. Gillespie aliipokea hukumu bila ugomvi. Alihubiri nje uwanjani, mpaka watu wake walipompatia nyumba ya ibada Dunfermline, na mwaka 1761 yeye na wenzake wawili wakaanzisha kanisa la pekee, ili kuwapa nafuu Wakristo waliolemewa na sheria ile. Robertson, akiwa na miaka 30 tu, alikuwa katika mstari wa mbele wa wale walioitaka hukumu hiyo.

Hatuwezi kusema kwamba hakuwa na hoja. Kanisa bila utaratibu husambaratika, na wazee wetu wanalijua hilo. Lakini mtu aliyetumia miaka kumpima malkia aliyekufa kwa uangalifu mwingi namna ile, alimpima ndugu aliye hai kwa sheria peke yake. Matunda yake yalionekana baadaye. Ugomvi juu ya kuchagua wachungaji uliendelea mpaka mwaka 1843, wachungaji zaidi ya 450 walipotoka pamoja na kuacha mishahara na nyumba zao. Bunge liliifuta sheria ile mwaka 1874, Robertson akiwa amekufa miaka 81.

Sifa yake nayo tuitaje. Katika Mkutano Mkuu aliwasikiliza wapinzani kwa adabu, akawajibu bila matusi. Wenzake walipotaka kwenda kutazama michezo ya kuigiza, jambo lililowachukiza Wakristo wengi wa siku hizo, aliwatetea wasiadhibiwe kupita kiasi. Lakini yeye mwenyewe hakwenda, kwa sababu alikuwa amemwahidi baba yake. Baba alikuwa amekwisha kufa, na ahadi ikabaki.

6. Wachungaji wawili katika mimbari moja

Tangu mwaka 1767 Robertson alikuwa na mwenzake katika kanisa la Old Greyfriars, John Erskine. Msomaji atashangaa tukimwambia kwamba Erskine ndiye aliyekuwa kiongozi wa upande wa pili. Yeye alikuwa mtu wa uamsho, akiandikiana barua na wahubiri wa Amerika, naye aliipinga ile haki ya makabaila. Robertson alihubiri, na Erskine akahubiri, katika mimbari ile ile. Katika Mkutano Mkuu walisimama kila mmoja kuyapinga maneno ya mwenzake, kisha wakarudi kuwahudumia watu wale wale. Waliishi hivyo miaka 26.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 1779. Serikali ilikuwa imekusudia kuwapunguzia Wakatoliki wa Uskoti sheria kali zilizowabana, kama ilivyokuwa imefanya Uingereza mwaka uliotangulia. Robertson aliliunga mkono shauri hilo, maana aliona ni aibu kwa Waprotestanti kuwatesa wengine kwa ajili ya imani. Erskine alilipinga. Mwezi Februari watu wa Edinburgh waliingiwa na ghadhabu. Nyumba mpya ya askofu wa Kikatoliki, George Hay, iliyokuwa na mahali pa ibada, ikachomwa moto. Kisha umati ukaigeukia nyumba ya Robertson katika Chuo Kikuu, na askari wakawekwa kuilinda. Inasimuliwa kwamba Erskine mwenyewe alitoka kusema na umati ule, na kwa sababu watu walijua kwamba yeye yu upande wao, walimsikia wakaenda zao. Aliyelipinga shauri la Robertson ndiye aliyesimama mlangoni pake.

Baada ya hayo Robertson alisema katika Mkutano Mkuu kwamba aliishauri serikali iliache jambo lile kwa ajili ya amani. Wengine waliona ni busara, wengine waliona ni kurudi nyuma. Wakatoliki wa Uskoti walingoja mpaka mwaka 1793 kupata nafuu hiyo. Mwaka 1780 Robertson aliacha kuongoza katika Mkutano Mkuu, ingawa nguvu zake zilikuwa bado, akaendelea na mimbari, Chuo na vitabu.

Mwaka 1793 ugonjwa wa manjano ulimlegeza. Alihamia Grange House, nje kidogo ya mji, na alipokuwa bado aweza kutembea alipenda kukaa bustanini kuitazama miti ya matunda iliyokuwa ikichanua, akijua, wala hakuhuzunika, kwamba matunda yake hatayaona. Alifariki tarehe 11 Juni 1793, akazikwa katika makaburi ya Greyfriars. Aliyehubiri juu ya kifo chake alikuwa John Erskine, akamsifu kwa yale aliyoyaona kuwa ya kusifiwa, wala hakujifanya kwamba walikubaliana katika yote. Naye Erskine alipofariki mwaka 1803 alizikwa katika makaburi yale yale.

7. Neno kwetu

Siku moja tuliombwa kuandika historia ya usharika fulani kwa ajili ya sikukuu ya ukumbusho. Wazee walitusimulia mengi mema. Lakini tulipouliza habari za mafarakano yaliyoutikisa usharika huo zamani, tuliambiwa kwa upole tuyaache. Tuliyaacha. Kitabu kilisomwa, watu wakafurahi. Baada ya ibada mama mmoja mzee alitujia akauliza kwa nini jina la marehemu mume wake halikutajwa, naye alikuwa mmoja wa waliotoka. Hatukuwa na jibu.

Tangu siku hiyo tunaona kwamba amri ya nane yawahusu wafu kweli, na walio upande wa pili pia. Robertson atufundishe kutafuta hati, kuwasikiliza wa pande zote, kutaja wema na kosa katika ukurasa mmoja. Makosa yake nayo yatufundishe: kwamba ni vigumu kumpima kwa haki mtu usiyemwona, na ni vigumu zaidi kumpima ndugu anayetupinga barazani. Walimu na wazee wa kanisa, tuzitunze daftari za sharika zetu, tuwaulize wazee wakingali hai, na tuandike bila woga na bila uchungu. Wale tunaowaandika tutaonana nao mbele za Mungu, ambaye peke yake anajua yote na kuhukumu kwa haki.